Sekunde Ishirini na Nane za Kinu Jazz

Jumanne, 5 Agosti 2025

Kaka Thobias amerudi kutoka Runzewe na redio ya kaseti ndani ya mfuko wa sulfeti. Kubwa, nyeusi, mkono wa kubebea umekatika. Nikamuuliza yeye na maredio mabovu watafunga ndoa lini. Akasema hana shida na redio, ana shida na sumaku za spika. Kule karasha, kwenye mashine za kusaga, mawe ya dhahabu yakishasagwa, mchanga unatoka na vichembe vya chuma vya kwenye mashine. Sumaku ndiyo inavitoa kabla dhahabu haijapimwa. Kwa hiyo kila redio inayokufa hapa Kakola inaishia mikononi mwake.

Nikamwomba aniachie siku mbili tatu. Chenye spika kwanza kiseme kitu, ndiyo kivunjwe.

Kumbe ndani kuna kanda. Imekwama humo tangu sijui lini. Nikapuliza vumbi, nikachomeka umeme, nikabonyeza.

Mwanamke anacheka. Kicheko kifupi, cha mtu anayemcheka mtu wake. Kwa nyuma mtoto mchanga analia kidogo, ananyamaza. Halafu yule mwanamke anahesabu kwa Kisukuma – imo, ibili, idatu, inne – na gitaa linaingia.

Sijui niseme nini. Besi nzito, inatembea kwa maringo, haina haraka na mtu. Mimi kazi yangu ni nyimbo. Kibanda changu kina kompyuta moja na nyimbo elfu kumi na moja. Wenye bodaboda na wenye baa wananiletea flashi, najaza, wanaondoka. Nilidhani nimeshasikia kila kitu. Hiki sijawahi.

Nikatoa simu nirekodi kidogo kwa ajili ya stetasi. Sekunde ishirini na nane, halafu lori likapiga honi, nikaacha. Mteja anasema ameniita mara tatu.

Juu ya kanda, kwa kalamu ya wino: KINU JAZZ – MHUNZE – MAZOEZI 1981.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeusikiliza mara nne. Ni wimbo mmoja tu, dakika sita na kitu. Baada ya hapo ni mtu anakohoa, kiti kinavutwa, basi. Upande wa pili mtupu.

Sauti ya yule mwanamke haiingii mapema. Gitaa linazunguka, linazunguka, unaanza kudhani ni wimbo wa ala tupu. Halafu anakuja. Sauti ya chini kidogo, ina mikwaruzo, kama vile ameamka sasa hivi na hataki kuamsha nyumba. Maneno niliyoshika ni mistari miwili:

Nisubiri kwenye mizani,
nitakuja na vumbi langu.

Mengine ni Kisukuma. Sisi wa Kasulu, miaka sita hapa na bado naishia kwenye salamu.

Nilimpigia fundi Pantaleo wa Kahama, ndiye anayejua mambo ya zamani. Nikaweka simu mbele ya spika.  Kisha akasema hiyo ni fanki, Hosiana. Soul kabisa. Anasema zamani kila kinu cha pamba kilikuwa na bendi yake, mgodi una bendi yake, hata chuo cha ualimu. Mchana mtu anabeba robota za pamba, Jumamosi anashika tarumbeta. Wengi hawakuwahi kuingia studio. Walipiga, watu wakacheza, wakazeeka.

Akaniambia nirekodi wimbo wote kwa simu kwanza, kwa usalama. Nikakataa. Simu inaigeuza besi kuwa nzi ndani ya kopo. Nitauchukua kwa waya, kwa deki yake ya kaseti, safi, unavyostahili. Miaka arobaini na nne umesubiri. Hauwezi kusubiri siku chache?

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wengi barabarani. Nikaweka redio juu ya kaunta na kuifungulia mpaka mwisho.

Wakaja. Wachimbaji na mabuti yao ya matope, mama wa samaki wa kukaanga, mwenye duka la vipuri. Hakuna aliyeujua wimbo na wote waliujua. Wachimbaji walikuwa wanacheza polepole, macho chini, kila mtu na wake. Mama wa samaki akasema mguu wake mbovu umepona kwa dakika sita. Nikarudia. Nikarudia tena. Nilijisikia – niandike tu – nilijisikia kama ni mimi niliyeutunga.

Mara ya tano redio ikaanza kuitafuna kanda. Nilichomoa umeme, nikairudisha kanda kwa kuizungusha na biki, taratibu, kama ninasuka nywele za mtoto. Haijakatika. Asante Mungu.

Redio ndiyo basi tena. Thobias hakuchelewa, saa moja baadaye spika zilikuwa mezani na yeye na bisibisi.

Pantaleo anasema deki yake haina mkanda wa kuzungushia, ameagiza Mwanza, nije Jumamosi ya wiki ijayo. Siku nane! Nitaiweka wapi kanda siku nane? Kibandani kuna panya na vumbi. Chumbani kwangu dirisha halifungi vizuri.

Nikawaza. Thobias ana kisanduku cha chuma chini ya kitanda, kina kufuli, ndimo anamoweka mzani mdogo na vifaa vyake, na dhahabu kabla haijauzwa. Hakuna mahali salama kuliko hapo katika nyumba hii. Nikaifunga kanda kwenye kipande cha khanga nikaiweka humo. Akasema leo na wewe umeweka mali. Nikamwambia, tena mali kuliko ya kwako.

Jumapili, 10 Agosti

Ile stetasi imetembea. Watu waliichukua wakawarushia wengine, wengine kwenye magrupu ya ukoo. Nimetoka kanisani nakuta nimepigiwa mara saba na namba nisiyoijua.

Anaitwa Lusia, yuko Kishapu, upande wa Mhunze. Nikamwamkia, shikamoo dada. Marahaba. Akaniuliza ile sauti nimeipata wapi. Nikamweleza. Akasema anayehesabu ni mama yake, jina lake Vumilia. Alikuwa karani wa mizani pale kinuni. Anayepiga gitaa ni baba yake, Nkwabi. Na kile kichanga kinacholia kwa nyuma, baba anasema ni yeye Lusia, alikuwa mgongoni.

Mama alifariki mwaka 2009. Baba yupo, ana miaka sabini na saba. Ile stetasi wamemchezea mpaka simu ikazima.

Halafu akaniambia kitu ambacho tangu saa nane mchana hakijanitoka. Baba yake amesahau sauti ya mkewe. Uso anao, picha ipo ukutani. Lakini anasema akitaka kumsikia anaimba, anasikia sauti za wengine, za redioni, si yake. Imemtoka tangu miaka mitatu minne iliyopita na inamtesa. Hakuna kanda nyingine. Hakuna kabisa. Zilizokuwepo zilienda na wanabendi, na wanabendi wamekwisha.

Sasa aliposikia anahesabu, alimgeukia Lusia akauliza: anaanza kuimba saa ngapi?

Nikamwambia nina wimbo mzima. Sauti yote. Nikamwahidi nitauleta mwenyewe kwa mkono wangu. Akauliza kanda iko salama? Nikasema ipo kwenye kufuli pamoja na dhahabu. Akacheka.

Nilikaa kitako. Ni kicheko kilekile. Cha kwenye kanda. Nimejiambia ni ndoto za mchana, nina tabia hiyo. Lakini masikio yangu ndiyo yananilisha.

Jumanne, 12 Agosti

Mzee Nkwabi kanipigia mwenyewe. Akaniamkia Kisukuma: mwangaluka, mayu, yaani mama. Nikajibu nilivyoweza, akafurahi akahamia Kiswahili.

Anasema walikuwa wanafanyia mazoezi ghalani, katikati ya robota. Pamba inameza mwangwi wote, ndiyo maana besi imekaa vile. Vumilia ndiye aliyehesabu kwa sababu wanaume walikuwa hawakubaliani nani aanze. Na yeye Nkwabi alikuwa na ugonjwa mmoja, hawezi kusubiri inne. Idatu tu keshaingia. Kila siku. Bendi nzima inamtukana, mkewe anacheka. Kile kicheko cha kwenye kanda ni hicho, walikuwa wanaanza upya kwa ajili yake.

Nikamuuliza ile ya kwenye kanda mbona ameingia sawasawa. Akasema siku hiyo Vumilia alimkanyaga mguu mpaka ilipofika inne.

Gitaa lipo bado. Zimebaki nyuzi nne.

Tangu juzi watu wanapita kibandani na majina. Mmoja anasema mjomba wangu alipiga tumba Maswa. Mwingine, babu alikuwa na saksafoni, aliizika nani sijui. Ghati wa mgahawa anasema baba yake alikuwa mwimbaji wa bendi ya polisi Musoma na hakuna hata picha. Nayaandika nyuma ya kalenda. Mpaka jioni hii ni kumi na manne. Ninawaona wote wakiwa kwenye ghala moja kubwa, vumbi la pamba linaelea kwenye taa, wanasubiri Vumilia ahesabu.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbili. Nimefua gauni la bluu. Leo nimemjazia mteja flashi mara mbili nyimbo zilezile, hakuona, wala mimi sikuona.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna.

Nilichukua kisanduku alfajiri, nikatoa kanda na khanga yake, nikaitia ndani ya mkoba bila kuangalia. Nikapanda Noah ya abiria mpaka Kahama. Pantaleo ameshafunga mkanda mpya, ameisafisha deki kwa spiriti, amevaa na shati la kola. Waya mpaka kwenye kompyuta. Akabonyeza.

Shshsh. Kama mtu anapepeta mchele. Kwa mbali kitu kinavimba na kunywea, huwezi kukiita gitaa. Tukasogeza mbele. Shshsh. Tukageuza. Tukarudisha. Pantaleo akabadilisha waya, akabadilisha spika, akaweka kanda ya kwaya tuhakikishe. Kwaya ikaimba vizuri kabisa.

Akaniuliza ilikuwa wapi. Kwenye kisanduku. Kisanduku cha nani? Nikaitoa ile khanga mkobani nimwonyeshe nilivyoifunga vizuri. Ilikuwa na manyoya meusi. Vichembe vya chuma, vya karasha.

 Akazima deki.

Nimerudi nyumbani nimefungua kisanduku: sumaku mbili, Hosiana. Za spika za redio ileile. Thobias kaziweka humo siku ileile, juu ya khanga, kwa sababu kila kitu chake cha kazi kinakaa humo na mimi nilijua kinakaa humo. Mimi ninayejiita mtu wa nyimbo. Nimekulia kwenye flashi, sijui kuwa wimbo wa kanda ni unga wa chuma tu uliopangwa vizuri, na sumaku inaupangua. Nilijua kuilinda na panya, na mwizi, na mvua.

Nimelia ndani ya Noah. Mama mmoja akanipa pole ya msiba, nikaipokea.

Jumapili, 17 Agosti

Thobias amekaa mlangoni tangu asubuhi, hakwenda karasha. Alisema mara moja tu: kama ningejua, ningezitupa shimoni. Najua. Siwezi hata kumkasirikia. Namkasirikia nani? Mtu aliyekataa kurekodi kwa simu kwa sababu ya kujiona fundi.

Mchana akaja na wazo. Niseme kanda imeibiwa njiani. Kahama stendi, nani atabisha? Mzee atamlaani mwizi, yaishe, na mimi nitabaki mtu mzuri.

Nimelifikiria. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mwingine: nimelifikiria kwa muda mrefu, mpaka nikaona na rangi ya mkoba ulioibiwa.

Lusia ametuma ujumbe. Baba amenyoa ndevu. Anauliza unakuja Jumatano au Alhamisi.

Sijajibu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejaribu kuukumbuka. Nimefunga kibanda, nimelala sakafuni, nimefumba macho. Besi inakuja. Gitaa linakuja. Yeye akitaka kuingia, namsikia kwa mbali, mikwaruzo ile, halafu inakuwa sauti yangu mimi. Naanza upya. Nilikuwa nayo siku tatu na tayari imeanza kunitoka. Sasa naelewa anachoumwa yule mzee.

Nimemjibu Lusia. Jumatano.

Thobias kanipa nyuzi mbili za gitaa, katoa wapi sijui. Hakusema za nini.

Jumatano, 20 Agosti – Kishapu

Naandika magotini, hapahapa sebuleni kwao. Nikiacha kuandika nitalia na leo si zamu yangu.

Nimefika saa saba. Nje ya Mhunze, nyumba ya tofali, pamba ya mwisho imeanikwa kwenye turubai uani. Lusia ni mwembamba, mkali kidogo, mikono haitulii. Kanipa maji, kanipa kiti. Mzee Nkwabi alikuwa ameketi na gitaa mapajani, kidevu kinang'aa kwa kunyolewa. Picha ya Vumilia ukutani, amesimama pembeni ya mizani.

Nilijiapiza nitasema kabla salamu hazijaisha, nikijua nikizoea tu nitamleta yule mwizi wa Kahama. Shikamoo babu. Marahaba, mayu. Nikasema babu, kanda imefutika, na mimi ndiye niliyeifuta. Nikaeleza yote. Kisanduku, sumaku, khanga. Nikaitoa kanda nikaiweka mezani.

Lusia alisimama akatoka nje. Nikasikia ndoo inagongwa kwa nguvu.

Mzee aliishika kanda. Akaigeuza, akaisoma. Akasema huu mwandiko ni wake, aliandika yeye Vumilia. Akaiweka kwenye mfuko wa shati.  Nilisikia kuku. Kisha akaniuliza: wewe ulimsikia?

Nikasema ndiyo. Kama mara kumi na tano.

Akaniambia nimweleze. Nikamwambia sauti ya chini, ina mikwaruzo kidogo, inachelewa kuingia. Kama ya mtu aliyeamka na hataki kuamsha nyumba. Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema Vumilia alikuwa anaamka saa kumi alfajiri. Nikamwambia mistari miwili ninayoikumbuka, nisubiri kwenye mizani, nitakuja na vumbi langu. Sikuimba, nilisema tu. Midomo yake ilifuata.

Nikampa zile nyuzi. Akazifunga mwenyewe, hakutaka msaada, ilichukua nusu saa.

Akasema haya, weka hicho kilichobaki.

Nikaweka sekunde ishirini na nane. Kicheko. Kichanga. Imo, ibili, idatu, inne. Gitaa likaanza, na lori langu likapiga honi, mwisho.

Akasema rudia.

Mara ya pili akaweka vidole kwenye nyuzi. Mara ya tatu akaingia pamoja na yule Nkwabi wa mwaka 1981, mmoja ndani ya simu na mmoja kwenye kiti, na honi ilipokwisha hakuacha. Aliendelea. Mzunguko uleule. Vidole vinakwama, vinapotea, vinarudi njiani. Alipofika mahali ambapo Vumilia anaingia aliteremsha gitaa likawa dogo kabisa, akamwachia nafasi. Nafasi nzima, ubeti wote. Mkono unapiga taratibu, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza. Sijui kama alisikia kitu. Mwisho wa ubeti akafungua macho akasema bado.

Rudia.

Rudia.

Mara ya sita. Betri asilimia kumi na moja, na chaja yangu haiingii kwenye soketi yao. Lusia amerudi, amesimama mlangoni na ndoo, haingii. Mzee anamwachia mkewe nafasi, anasubiri, anafungua macho. Bado. Rudia.

Mara ya saba. Asilimia nane. Imo, ibili, idatu – na mzee kaingia. Mapema. Peke yake, mbele ya bendi nzima, kwa nguvu zote.

Lusia akacheka, kicheko kilekile cha kwenye kanda.

Mzee ameacha kupiga. Simu imemaliza na honi yake. Hajaniangalia mimi wala simu. Ameinua kichwa anatazama mlangoni, mkono umebaki juu ya nyuzi. Lusia ameweka ndoo chini, kajifunika mdomo kwa kiganja, haelewi anatazamiwa nini.

Kidole changu kipo juu ya kitufe. Asilimia saba. Nasubiri aseme rudia, na hajasema.